Pigo la Nne

Mji ule haukumpenda Pandu Khatibu, na yeye hakuona sababu ya kuupenda. Waliishi pamoja miaka sitini kama jino bovu na fizi yake, kila mmoja akimtonesha mwenzake, na hakuna aliyekubali kung'oka.

Mji wenyewe hauna jina. Zamani ulikuwa nalo, refu, la maneno mawili, lakini ilipopitishwa Sheria ya Jambo Moja wenyeji walitakiwa wachague neno lipi libaki. Wa kaskazini wakashika la kwanza, wa kusini wakashika la pili, wakatukanana, wakarushiana mawe, mpaka Baraza likachoka likayafuta yote mawili. Tangu hapo mgeni akiuliza hapa ni wapi, huambiwa "Ni hapa," na akiuliza tena hutazamwa vibaya. Ni mji wa mitaa inayohama. Asubuhi utakwenda sokoni kwa njia ya makaburini, mchana utarudi kwa njia hiyo hiyo usiyaone makaburi, na nyumba yako utaikuta imeipa barabara mgongo. Hayo watu waliyazoea. Kitu ambacho hawakukizoea, na hawakutaka kukizoea, ni mtu mmoja mwenye mambo mawili.

Maana Sheria ile ilikuwa mstari mmoja tu, umeandikwa kwa chokaa juu ya lango: MTU MMOJA, JAMBO MOJA. Chini yake waliongeza kwa herufi ndogo kwamba mshika mbili moja humponyoka, ili isionekane kuwa ni amri tupu. Basi msusi aliyekuwa pia akichoma maandazi akaacha maandazi. Mkunga aliyekuwa pia mwosha maiti akachagua maiti, akisema hao angalau hawarudi kulalamika. Wote walichagua, wakanung'unika wiki moja, wakasahau walikuwa nani. Akabaki Pandu.

Pandu alikuwa bingwa mkuu wa sataranji. Si bingwa wa kibarazani, wa kuwatia majirani aibu baina ya vikombe vya kahawa. Miji saba ilileta wachezaji wake mezani kwake na yote saba ilirudi imeinamisha kichwa. Katika nchi zile ugomvi wa mipaka ulimalizwa kwa sataranji, si kwa bunduki, kwa hiyo mtu yule mfupi, mwenye mabega ya kuinama na kikohozi kikavu, ndiye aliyeulindia mji visima vyake na makonde yake kwa miaka thelathini. Na Pandu huyo huyo alikuwa mpiga udi, ule wa nyuzi, si wa kufukiza. Harusi isiyokuwa na udi wake ilikuwa nusu harusi. Asubuhi alimfedhehesha mtu mbele ya kadamnasi kwa hatua ishirini. Alasiri mtu yule yule alikaa ukumbini mbele yake akilia kwa udi, akijifuta machozi kwa mkono uliomlaza mfalme wake. Mtu anayekushinda utamsamehe siku moja, na anayekuliza utamsamehe. Hawakuweza kusamehe kwamba yote mawili yalifanywa na vidole vile vile.

Yeye alikuwa na swali lake, alilolibeba tangu utotoni kama kokoto ndani ya kiatu. Ni nani anayemhesabu mtu? Nani alikaa kitako akaamua kwamba huyu ni mmoja na huyu wamezidi? Ndani yake hakuwaona wawili. Akisogeza farasi alisikia sauti inaruka nyuzi mbili na kuangukia ya tatu. Akipiga udi aliona miraba inawaka na kuzima. Watu walidhani anatoka chumba kimoja anaingia kingine na kufunga mlango. Hapakuwa na mlango, wala ukuta wa kuwekea mlango. Palikuwa na uwanja mmoja mweupe, na yeye katikati yake, na sauti ikija kutoka pande zote. Aliwahi kuwaeleza hayo akiwa kijana wa miaka ishirini, na akawaeleza tena akiwa na miaka sabini, ambayo bado hajaifikia, na mara zote mbili walimcheka.

(Mimi ni mmoja. Mimi si mmoja. Nihesabuni basi, nyinyi wenye vidole kumi ambavyo havijui kazi hata moja.)

Aliitwa siku ya Jumanne. Au tuseme ilikuwa Jumanne alipotoka kwake na Alhamisi alipofika, kwa kuwa mtaa wa Ofisi ya Usajili ulikuwa umehama. Bi Kazija, Msajili wa Watu, alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakumpa kiti.

"Jambo lako lipi, Bwana Pandu?"

"Uliza yapi, Bibi."

"Mie nauliza kama Sheria inavyouliza. Lipi?"

"Sataranji na udi."

"La kwanza nimelisikia. La pili sikulisikia."

"Basi udi na sataranji."

Bi Kazija alivua miwani. "Bwana Pandu, mie nina mafua, na nina watu mia mlangoni. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi alikuwa na miguu minne. Kama huchagui, tutakuchagulia."

Akamsomea masharti. Mchezo mmoja wa sataranji, kesho, katika Ukumbi wa Miraba, mbele ya watu wote. Pandu akishinda, imethibitika kuwa yeye ni mtu wa sataranji. Udi wake utachomwa uani papo hapo, na hatagusa tena uzi maisha yake. Akishindwa, imethibitika kuwa sataranji si yake tena. Jina lake litakwanguliwa kwenye ukuta wa mabingwa, ubao wake na kete zake thelathini na mbili, alizochongewa na baba yake, vitatiwa moto badala ya udi, naye atabaki mpiga udi mpaka siku ya kufa.

"Nacheza na nani?"

"Na Mcha Vuai."

Pandu alicheka, kikohozi kikamkata. "Mcha hajanishinda hata siku moja."

"Anajua," alisema Bi Kazija. "Anayefuata!"

Mcha Vuai alikuwa mpiga kanuni. Kanuni hulazwa mapajani, nyuzi zake sabini na zaidi, na hupigwa kwa pete mbili za vidoleni zenye ukucha wa pembe. Kwa miaka arubaini Mcha alikaa kuliani kwa Pandu. Chama chao cha muziki hakikuwa na kiongozi wa kupunga fimbo. Kilikuwa na desturi. Pandu huanza peke yake. Udi huzurura, hupanda, hushuka, humtafuta mtu asiyekuwepo, na ukishachoka kuzurura Pandu hupiga mguu chini mara tatu, taratibu. Pigo la nne hapigi. Pigo la nne ni mkono wa kulia wa Mcha unaoanguka juu ya nyuzi, na hapo ndipo wimbo unapoanza. Hawatazamani. Mcha hufumba macho, mkono huuacha hewani, na mguu ukishagonga mara tatu mkono hushuka wenyewe, popote ulipo. Mkewe alizoea kusema kwamba mtu akibisha hodi mara tatu mlangoni, mumewe hupiga meza kabla hajaitikia.

Miaka hiyo arubaini ndiyo iliyomlea Mcha kinyongo, kwa sababu Pandu alikuwa na tabia ya kuondoka. Katikati ya mazoezi huja mjumbe kusema mji fulani umeleta mchezaji, na Pandu hulaza udi akaenda zake bila hata kuaga. Siku ya harusi ya Mwanakheri, binti yake Mcha, bibi harusi alikaa ukumbini amepambwa, asumini zikimnyaukia kichwani, na Pandu yuko mji wa tatu anahangaika na mzee mmoja aliyekataa kukubali kwamba ameshindwa. Mcha alipiga kanuni peke yake siku ile. Alijipigia mguu mwenyewe mara tatu, na mkono wake ukakataa kushuka, mpaka akauteremsha kwa makusudi kama mtu anayeteremsha mzigo.  Toka siku hiyo Mcha alianza kumwomba Pandu amfundishe sataranji.

Walikutana mlangoni mwa Ukumbi siku ya mchezo. Mcha alikuwa amebeba kitu kipana kilichofungwa kwa shuka, akakiegemeza ukutani.

"Kumbe umekubali, Mcha."

"Sikukubali, n'meomba. N'mekwenda kwa miguu yangu mpaka kwa Bi Kazija, n'kamwambia nipeni mie."

"Unataka uuone udi wangu unaungua."

"N'nataka ushindwe, we mpumbavu! Ukishindwa udi unabaki. Ukishindwa utakaa kitako mara moja katika umri wako, uwe wetu."

"Mie si wa mtu."

"Najua. Ndiyo maana n'nakuchukia."

"Huniwezi, Mcha. Unajua huniwezi."

"Basi shinda," alisema Mcha. "Ukashinde, kisha ukauote moto wake."

Pandu alitaka kumjibu neno baya, akalitafuta, na alipolipata Mcha alikuwa ameshaingia ndani.

Ukumbi wa Miraba umetandikwa mawe meusi na meupe, na kila mtu husimama kwenye jiwe lake. Saa yake ina mshale mmoja. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na uani palikuwa na rundo la kuni, juu yake umelazwa udi wa Pandu, na kando yake amesimama bwana mmoja na kopo la mafuta ya taa. Bi Kazija alipiga chafya, akasema kwa sauti: "Kete iliyoguswa imechezwa. Hakuna kurudisha mkono." Hiyo si sheria ya mji, ni sheria ya sataranji yenyewe, kongwe kuliko mji, na wote wawili waliijua.

Hatua ya kwanza Pandu aliicheza akiwa na miaka sitini. Ya tisa aliicheza akiwa na miaka saba, miguu haifiki chini, na upande wa pili si Mcha bali ni baba yake, mchongaji, mwenye vumbi la mpingo kwenye kope, anamwambia yale yale aliyomwambia siku ile, kwamba asilie kwa sababu kete hazipendi maji. Hatua ya kumi na nne Mcha alikuwa na ndevu nyeusi. Ya kumi na tano zilikuwa nyeupe. Mshale wa saa ulikwenda mbele, ukasita, ukarudi kama mtu aliyesahau ufunguo. Hakuna aliyeshangaa. Watu walikuwa wakibangua njugu na kutema maganda karibu na kiti chake, wakinong'ona kwa sauti ya kusikika makusudi.

"Mtazameni anavyojifanya anafikiri."

"Alimliza mama harusini, kesho yake akamfedhehesha baba hapa hapa. Leo zamu yake."

"Mie nataka vyote viwili viungue, basi tu."

Aliwasikia. Aliwasikia kwa sikio lile lile la muziki, kila mmoja na sauti yake, na akawachukia mmoja mmoja. Alikuwa amewalindia visima miaka thelathini. Maji waliyokunywa wakapata mate hayo ya kutema aliwashindia yeye. Na hapo, katikati ya chuki, alielewa jambo lililomtia baridi. Watu hawa hawakuutaka udi, wala ubao hawakuutaka. Walitaka kumwona anajikata kwa mkono wake. Mwenye nguvu hajisumbui kukukata. Anakupa kisu, anakuuliza kwa upole ni upande gani usiokuuma sana, kisha anakaa pembeni na njugu zake. Na ukishajikata anakuandika kuwa ulichagua. Ndivyo ilivyokuwa kwa msusi na kwa mkunga, na ndivyo ilivyokuwa kwa mji wenyewe siku ulipopoteza jina.

(Kushoto au kulia? Mkono wa kushoto unabana nyuzi, wa kulia unazipiga. Nikateni basi. Mtakuta nini katikati? Mtakuta mikono miwili.)

Hatua ya thelathini na moja aliuona ushindi. Ulikuwa wazi, wa kitoto. Ngome yake iteremke mpaka chini, na katika hatua nne Mcha amekwisha. Mkono ukaanza kwenda. Hapo upepo ukaleta harufu ya mafuta ya taa, akageuka, akamwona yule bwana wa uani anaumiminia udi taratibu, kama anayemwagilia mchicha. Pandu akaurudisha mkono kabla haujagusa kitu. Akasogeza mfalme, hatua ya woga, ya mtu asiyejua anachofanya, na ukumbi mzima ukaguna.

Kuanzia hapo kete zilianza kuondoka ubaoni. Mawaziri walikulana. Farasi wakaenda, ngome zikaenda. Pandu hakuwa akicheza kushinda wala kushindwa. Alikuwa anarudi nyuma, na anayerudi nyuma sana hatimaye hukuta ukuta. Alipoinua macho ubaoni palibaki kete tatu. Mfalme wake yeye, amebanwa pembeni kabisa. Mfalme wa Mcha, aliyesogea karibu kumfungia njia. Na askari mmoja wa Mcha, aliyebakisha miraba mitatu tu afike mwisho wa ubao ageuke waziri, kete yenye nguvu kuliko zote. Zamu ilikuwa ya Mcha.

Na Mcha alikuwa anaijua hali ile. Pandu mwenyewe ndiye aliyemfundisha, alasiri moja juu ya mkeka wa mazoezi, baina ya wimbo na wimbo. Mfalme kwanza, askari baadaye, alimwambia. Mtangulize mfalme mbele ya askari wako, na hakuna mtu duniani atakayekuzuia. Lakini ukimtanguliza askari, basi mfalme wangu hapa pembeni hana pa kukanyaga, na wala hakuna anayempiga. Amekwama. Na aliyekwama hakushindwa, wala wewe hukushinda. Mcha alikuwa amerudia maneno yale kwa midomo, kama mtoto wa chuoni, na sasa Pandu aliiona ile midomo ikicheza tena. Mfalme kwanza. Mcha alikuwa akitabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu aliyengoja mlangoni mwaka mzima na sasa anasikia komeo linavutwa.

Basi nimeshindwa, alijiambia Pandu. Udi umepona. Alijaribu kufurahi. Alimtazama mfalme wake pembeni, mpingo uliolainishwa na vidole vya baba yake, wenye alama ndogo shingoni pale patasi ilipoteleza, akamwona ndani ya moto, na kitu ndani yake kikakataa. Kilikataa kama punda, bila hoja. Hakutaka kupoteza. Si ubao tu. Hakutaka Mcha, wala mji, wala mtu yeyote, aseme siku moja kwamba Pandu Khatibu alilazwa. Na wakati huo huo alikumbuka kwamba masharti yametaja kushinda na yametaja kushindwa. Kukwama hayakukutaja. Akikwama atabaki na vyote viwili. Ilihitaji jambo moja tu, Mcha amguse askari kabla ya mfalme.

Mkono wa kulia wa Mcha uliondoka mapajani ukaenda kumfuata mfalme. Njia yake ilipita juu ya askari. Na kwa furaha, na kwa mazoea ya miaka arubaini ya kukaribia kitu kizuri, Mcha alifumba macho, na mkono ukasita hewani.

(Usifanye. Fanya. Nani anayesema usifanye? Si mlisema tuko wawili? Mmoja atazame pembeni.)

Mguu wa Pandu ukagonga sakafu. Ukagonga tena. Ukagonga mara ya tatu, taratibu.

Mkono wa Mcha ukaanguka.

Uliangukia juu ya askari, vidole vikamshika. 

"Iliyoguswa imechezwa," alisema Bi Kazija.

Mcha alifumbua macho. Hakutazama ubao, aliutazama mkono wake. Kisha akamsogeza askari mraba mmoja mbele, kwa kuwa askari hana njia nyingine, akaurudisha mkono mapajani. Mfalme wa Pandu alibaki pembeni, hapigwi na mtu na hana pa kukanyaga.

Bi Kazija aliitoa karatasi ya masharti. Ilikuwa na mistari miwili, akaisoma mara mbili, akaigeuza karatasi atazame na nyuma. "Kushinda masharti yamekutaja," alisema. "Kushindwa yamekutaja. Hili halimo." Alimtazama Pandu kwa chuki iliyosafishwa. "Chukua vyote viwili, Bwana Pandu. Na usije tena ukanikoholea ofisini kwangu." Watu waliondoka mmoja mmoja kutoka kwenye mawe yao, wengine wakitema mate, na bwana wa uani akauleta udi ukiwa umelowa, akamrushia kifuani.

Pandu alifurahi. Nalisema wazi, kwa kuwa baadaye alikana. Alifurahi kama mwizi aliyekuta mlango wazi, alicheka peke yake, aliupangusa udi kwa kanzu yake mwenyewe, akakusanya kete za baba yake moja moja akizihesabu mpaka thelathini na mbili. Mji mzima ulitaka kumgawa na haukuweza. Ndipo alipoona kwamba Mcha bado amekaa.

"Umepiga mguu," alisema Mcha.

"Nimepiga."

"Pale pale petu."

"Ningefanya nini, Mcha? Wangeuchoma ubao wa baba."

"Ungeshindwa." Mcha alilisema bila kupandisha sauti. "Watu hushindwa, yakhe. Mie n'meshindwa na wewe tangu ulipon'fundisha, na asubuhi naamka nakunywa chai."

"Lakini udi umebaki! Si ndicho ulichokitaka? Nimebaki na udi."

Mcha aliinuka, akaenda ukutani, akaifungua ile shuka. Ndani yake ilikuwa kanuni. Ilikuwa imeshatiwa sauti, nyuzi zote sabini na zaidi, kazi ya asubuhi nzima, na pete zake mbili zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya shuka.

"N'likuja nayo," alisema. "N'lijiambia, akishindwa tu, kabla hajapata nafasi ya kununa, tunapiga hapa hapa, mbele ya mbwa hawa." Akaifunga tena, fundo juu ya fundo. "Mkono huu sikupata kuuamrisha mie. Ulikuwa unakusikia wewe."

Akaondoka. Pandu alimfuata kwa macho mpaka mtaa ulipohama.

Siku zilipita, au ilipita moja tu. Katika mji ule hakuna awezaye kuapa. Harusi ikaja. Pandu alifika mapema, akakaa mahali pake, udi bado unanuka mafuta ya taa, na kuliani kwake pakiwa wazi. Alikuwa ameshajiandaa kupiga peke yake. Ndipo Mcha akaingia na kanuni yake, akasalimia watu wote, akamsalimia na yeye, akakaa mahali pake pa siku zote, akavaa pete. Moyo wa Pandu ulimshuka kwa faraja hata machozi yakamlenga. Kumbe mtu husamehewa, alijiambia. Kumbe miaka arubaini ina nguvu kuliko dakika moja.

Akaanza. Udi ulizurura, ukapanda, ukashuka, na siku ile ulipigwa vizuri kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa anaomba radhi kwa njia pekee aliyoijua. Ukachoka kuzurura. Pandu akapiga mguu chini mara moja, mara mbili, mara tatu.

Pigo la nne likapita tupu.

Pandu akafanya jambo ambalo hakupata kulifanya kwa miaka arubaini, akageuza shingo. Mcha alikuwa macho wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, unataka kushuka, na kwa mkono wa kushoto alikuwa ameukamata kifundoni, kwa nguvu, kama mtu anavyomkamata mtoto asikimbilie barabarani. Alikuwa anautazama mguu wa Pandu. Aliutazama mpaka alipohakikisha umetulia, kisha akauachia mkono, ukashuka, na wimbo ukaanza. Wanawake walipiga vigelegele pale pale wanapovipiga siku zote.